Kwa Mwalimu Rachelle Mbayo, Aliyegawa Jina la Mama Yake

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya mvua tulipokusindikiza makaburini, barabara ikiwa matope matupu na wanafunzi wako wa zamani wakigombania kushika jeneza. Wengine walikuwa na ndevu. Walilia kama siku waliyoingia darasani kwako kwa mara ya kwanza.

Mimi Tina, kifungua mimba wako, ndiye ninayeandika. Mechack amesimama nyuma ya kiti changu anasahihisha, na Princesse amenionya nisikufanye mtakatifu, maana ukisoma hutajitambua. Basi tuanze na ukweli. Maharage yako yaliungua kila Jumapili. Kanisani ulisinzia wakati wa mahubiri, na ukiguswa bega ulijibu "Amina" kwa sauti kuliko wote. Uliimba vibaya na ulipenda sana kuimba. Baba analalamika kwamba nyumba imekuwa kimya mno siku hizi, na yeye ndiye aliyekuwa akikuomba unyamaze.

Lakini tunakujua, Mama. Kabla ya kutuuliza kama tumelala salama, ungeuliza habari ya mtu mmoja tu: Kabamba. Ungetaka kujua kama yule msichana bado anabeba jina ulilompa, na kama bado yuko na watu. Tutakujibu, usiwe na haraka. Wanaosoma hapa hawakupita wote darasani kwako, nao wanastahili kusimuliwa kwanza.

Ulifundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi, katika ile shule yenye kuta za nyufa upande wa kwenda Kingamyambo, hapa Kolwezi. Watoto wako walikuwa wa wachimbaji, wa makarani, wa mama wanaouza makala, yaani mkaa, sokoni. Kila asubuhi, kabla hujashika chaki, ulipita benchi kwa benchi ukiuliza, "Roho imelamuka namna gani?" Nao walikujibu kwa maneno yao, wakikuita maîtresse, yaani mwalimu. Yangu iko muzuri, maîtresse. Yangu iko nzito. Yangu iko na njaa. Hukutoa hotuba. Mwenye roho nzito alihamia benchi la mbele, akakushikia kifutio, na mwenye kutaka kulia alilia mpaka mwisho bila mtu kumcheka wala kumnyamazisha. Kisha mkafanya dictée, yaani imla, na makosa uliyakata kwa wote sawasawa, hata kwa yule aliyetoka kulia.

Mchana mabomu ya mgodi yalipolia na vumbi kudondoka kutoka darini, walimu wengine walipiga meza na kuagiza kimya. Wewe uliweka kitabu chini ukauliza nani ana mtu wake chini ya ardhi leo. Mikono iliinuka. Wasioinua walitakiwa kumshika mwenzao bega mpaka madirisha yaache kutetemeka. Halafu ulisema, "Tuendelee, na wao wanaendelea," na hesabu ya kugawanya ikarudi ubaoni.

Mkurugenzi wa shule alikuita ofisini kwa sababu hiyo, zaidi ya mara moja. Alisema programu ina Kifaransa, ina hesabu, haina mambo ya roho, na wakaguzi wakija atajibu nini. Wewe ulimsikiliza kwa adabu zako zote, kisha ukamwambia kwamba mtoto ambaye roho inamuwasha, dictée haimuingie hata uimbe. Alicheka, maskini, kwa kuwa alikuwa ameshakusikia ukiimba. Hakukuita tena.

Na kulikuwa na lile jambo lako la majina.

Huku kwetu jina haliokotwi. Mtoto anapewa jina la kambo, yaani babu au bibi, au la shangazi, au la rafiki aliyemfaa baba yake, na tangu siku hiyo anaheshimiwa kama yule mwenyewe. Baba yetu ana mpwa mdogo aliyepewa jina la babu yetu mzaa baba, na mpaka leo Baba anamwita "tata", yaani baba, na hawezi kumchapa hata avunje sahani zote. Desturi hiyo wewe uliibeba ukaiingiza darasani. Mwaka wa shule ulipoanza uliwarudisha watoto nyumbani na swali moja: umebeba jina la nani, na mtu huyo alikuwa namna gani? Wakirudi walisimama mmoja mmoja wakaeleza. Kuna aliyesema, "Mi Ntambwe. Nilipewa jina ya kambo, alikuwa anapeleka treni mpaka Dilolo, alikuwa anaogopa panya." Darasa lilicheka wiki nzima. Lakini siku Ntambwe alipokunja ngumi uwanjani, ulimshika mkono ukamuuliza kama kweli Kambo Ntambwe, pamoja na uzee wake wote, anapigana kwa ajili ya mpira wa makaratasi. Ngumi ilifunguka yenyewe. Hivyo ndivyo ulivyoendesha darasa bila fimbo, ukiwa umezungukwa na mababu na mabibi wa miaka minane.

Kisha akaja Fifi.

Aliletwa Kolwezi kutoka Kasai na Gael, mdogo wa marehemu mama yake, kijana mchimbaji ambaye mwenyewe alikuwa hajamaliza kukua. Ulipotuma swali lako la majina, Gael hakuwa na jibu. Fifi alipozaliwa yeye alikuwa mtoto wa kukimbiza kuku, na watu wazima ambao wangejua walikuwa wamekufa au wametawanyika. Zamu yake ilipofika Fifi alisimama, akatazama ubao tu. Mtoto mmoja nyuma akasema, "Ye haina mutu." Wakacheka, si kwa ubaya, kama watoto wanavyocheka. Fifi akaketi. Hakulia, na hilo ndilo lililokutisha.

Siku zilizofuata hakuonekana. Ukasikia kwamba yuko mtoni pamoja na wanawake wanaoosha mawe ya madini.

Tunakumbuka ulivyorudi nyumbani jioni ile. Uliketi jikoni bila kuwasha moto. Baba alikuambia swali lako ni zuri, limewasaidia watoto wengi, usijitese kwa ajili ya mmoja. Ulimjibu ukiwa umeinamisha kichwa.

"Nilitaka kila mutoto ajue iko na batu nyuma yake," ulisema. "Huyu nimemuonyesha mbele ya bote kama haina."

Halafu ukampigia simu mjomba Mwenze, kaka yako mkubwa, kule Mutshatsha. Mama yenu, Kambo Kabamba, alikuwa amefariki zamani, na jina lake halikuwa limepewa mtoto yeyote. Sisi wanao tulipewa majina ya ukoo wa Baba, kwa kuwa zamu ilikuwa yao, au majina ya kanisani, ukaridhika nayo. Jina la mama yako ulikuwa umelitunza. Ulimwomba mjomba ruhusa umpe Fifi. Simu yako ilikuwa na sauti kubwa, hivyo tulisikia wote.

"Jina ya mama yetu haiko biskuti ya kugawia batoto ya njiani," mjomba alisema.

Ulimjibu, "Nimekusikia, yaya," yaani kaka, ukakata simu. Sisi tukadhani yameisha. Kumbe hatukukujua.

Asubuhi ulivaa nguo zako za shule ukaenda mtoni. Ulizungumza kwanza na Gael, ambaye alikubali huku akifuta macho kwa mkono wenye udongo. Kisha ukavua viatu, ukaingia majini, ukasimama karibu na Fifi ukaosha mawe pamoja naye. Hukumtajia shule. Ulimsimulia juu ya mama yako: kwamba alilima mihogo Mutshatsha, kwamba alizungumza na kuku wake kwa majina, kwamba alikuwa mbishi na alicheza ngoma vizuri kuliko vijana. Ukamwambia kwamba jina lake limekaa bila mtu, na ukamuuliza kama atakubali kulibeba. Fifi aliuliza kama mwenyewe huko aliko hatakasirika. Ulimwambia, "Mi ni mutoto yake, ninamujua."

Kesho yake alirudi darasani. Ulipomwona mlangoni ulisimama. Mwalimu mzima, mwenye mvi, ukasimama ukasema, "Karibu, mama," ukampa kiti chako. Kisha ukawageukia wale wengine. Uliwaambia huyu ni Kabamba, mama yako mzazi, na anayemcheka yeye anamcheka mama yako. Darasa zima likasimama bila kuambiwa.

Nyumbani ulituletea habari hizo kama mtu anayeuliza kama chumvi imetosha: "Kuanzia leo muko na kambo." Mechack tayari alikuwa na karakana yake ya kuchomelea vyuma na sharubu alizojivunia. Msichana wa miaka tisa aliingia sebuleni, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Mujukuu, shimisi yako haikupigwa pasi, na unatoka vile?" Mechack akalipiga pasi shati lake. Anatabasamu hapa nyuma yangu ninapoandika. Princesse naye akawa anampelekea siri zake zote za wachumba, na kambo akawa anawakataa mmoja baada ya mwingine. Gael alipofuata wachimbaji wenzake sehemu nyingine, hakukuwa na haja ya kikao. Kabamba alibaki kwetu, ambako sasa palikuwa kwake.

Ni mjomba tu aliyekataa. Kila Noeli alipokuja alitusalimu wote kwa majina, ila Kabamba akamwita "ule mutoto." Hukugombana naye hata siku moja. Ulipakua bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ukampa kwanza mama yako, kisha kaka yako, na mjomba akala akitazama ukuta. Baba alikuwa akisema nyinyi wawili mmetoka tumbo moja la ukaidi.

Halafu ugonjwa ukaja, haukukawia, ukakuchukua.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hukuliona. Kwenye matanga, mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na ndiye aliyepanga watu: ndugu ndani kwenye mikeka, wengine nje chini ya hema. Fifi alikuwa ameketi kati yangu na Princesse. Mjomba akamwambia atoke akakae na watoto wa majirani, kwa sababu hapa ni batoto ya Mbayo tu. Nilikasirika, Mama, na hasira hiyo haijaisha yote. Lakini msiba haukuwa mahali pa kubishana na mkubwa, na Baba hakuweza hata kuinua kichwa. Kabla sijapata neno, mtoto alikuwa ameshainuka. Alitoka taratibu, akikwepa miguu ya watu, akiomba samahani.

Shule ilipoendelea, mwalimu mpya wa darasa la Fifi aliwauliza wanafunzi majina. Yeye akasema Fifi. Fifi tu. Nyumbani Mechack alimwita kambo, naye akamjibu, "Mi si kambo tena, yaya Mechack." Mechack alikwenda karakana akachomelea geti ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mwaka mzima alikaa nasi hivyo. Aliosha vyombo kabla hajaombwa. Alishukuru kwa kila sahani. Alifaulu mitihani, hakumkemea mtu, hakukataa mchumba wa mtu. Majirani walitusifia tuna mtoto mwenye adabu. Wewe ndiye uliyetufundisha kuogopa adabu ya namna hiyo. Ulikuwa ukisema mtoto anayeshukuru kupita kiasi anaogopa kufukuzwa. Tulimwambia hapa ni kwako. Alisema ndiyo, asante. Baba alimwambia pia, akatokwa na machozi, na Fifi akamletea maji.

Jumamosi iliyopita tulitoa msiba wako, kutosha kilio, yaani kukiondoa, kama tunavyosema huku. Mjomba alifika kutoka Mutshatsha juu ya lori la makala, amekonda, magoti yanamsumbua. Tulisali, tukavua nguo nyeusi, watu wakala. Kazi ya kurudisha vitu vya kuazima, viti na sufuria za majirani, aliichukua Fifi bila kuagizwa, akazunguka mtaa nyumba kwa nyumba. Alipomaliza alinawa mikono, akaingia sebuleni. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa cha Baba, sisi wengine tumemzunguka. Akapiga magoti mbele yake.

"Muyomba," alisema, "bitu ya batu yote nimerudisha. Imebakia jina. Maîtresse njo alinipatia, na ye haiko tena. Nairudisha kwenu."

Nilimtazama mjomba, kwa kuwa hilo ndilo alilolitaka miaka yote hii, na sasa limeletwa mpaka miguuni pake. Alimuuliza nani amemtuma. Akasema hakuna. Alimuuliza kama jina limemchosha. Akasema hapana, alikuwa analipenda, lakini kwa kuwa halikuwa lake, njo maana muyomba alimutosha pa mukeka. Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza kwa nini mvua inanyesha.

Mjomba akashika mikono ya kiti akajiinua. Tulidhani anatoka. Alisogea pembeni, akaonyesha kiti.

"Ikala, mama," alisema.

Fifi aligeuka kutazama nyuma yake nani anaambiwa.

"Ni wewe. Jina ya mama yangu hairudishwe sawa sufuria. Mi njo nilikosa. Ikala."

Akaketi, ukingoni kabisa. Mjomba akashuka chini kwenye mkeka, goti moja kisha jingine, akaegemea mguu wa kile kiti, akalia. Alikulilia wewe, Mama, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Tulimsikia akitaja jina lako la utotoni, ambalo sisi hatukuwahi kulijua. Fifi alimtazama muda mrefu. Taratibu alijisogeza nyuma kitini mpaka mgongo wake ukaegemea. Mjomba alipotulia, Fifi aliinama akamsemesha kwa jina tupu, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai anayethubutu kulifanya.

"Mwenze," alisema, "ulishakula?"

Mzee alijifuta uso kwa pindo la shati.

"Bado, mama."

"Mechack," kambo akasema bila kugeuka, "letea mutoto wangu bukari."

Mechack alikimbia.

Tunaokukumbuka, kila siku na si leo tu: mama yako Kabamba, anayeitwa pia Fifi, mume wako Godefroid, kaka yako Mwenze wa Mutshatsha, watoto wako Tina, Mechack na Princesse, mjukuu wako Jémima, Gael, na watoto wote waliopita mwaka wa tatu.

Pumzika, Mama. Maadamu tunaitana, hutasahaulika.